Kuhamishiwa kompyuta na fundi wa Kariakoo: tathmini ya huduma

Kompyuta niliyokuwa nikiitumia niliinunua mwaka 2014, na karibu kila shilingi niliyoipata kwa kazi ya kutafsiri tangu hapo imepitia kwenye kibodi yake. Ilipofika tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, nayo mashine yangu haikuweza kupandishwa hadi Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, pamoja na prosesa mpya kuliko ile niliyokuwa nayo. Ningeweza kujiandikisha katika mpango wa mwaka mmoja wa masasisho ya nyongeza, uliopangwa kufikia ukomo tarehe 13 Oktoba 2026, lakini diski ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kugonga kila niiwashapo mashine asubuhi, na mlio huo ulinitisha kuliko tarehe yoyote. Nikanunua kompyuta mpya, kisha ikakaa siku 9 ndani ya boksi kwa sababu niliogopa kuhama.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tunaposema kuhamisha faili, wengi wetu tunaifikiria folda inayonakiliwa kwenye flashi na kubandikwa upande wa pili, na kwa mwanafunzi mwenye ripoti 20 na nyimbo chache hilo linatosha kabisa. Kwa mtu ambaye kompyuta ndiyo shamba lake, faili ni nusu tu ya mzigo. Nusu iliyobaki ni yale ambayo mashine imejifunza kwako polepole, mwaka hadi mwaka: maneno uliyoifundisha isiyakosoe, vifupisho vinavyojikunjua unapoandika, barua pepe za zamani, nywila, fonti, violezo, na hata mpangilio wa vitufe ambao vidole vimeuzoea. Kwa hiyo huduma hii naipima kwa swali moja tu. Jumatatu asubuhi, nikiketi mbele ya mashine mpya, je, nitaweza kuendelea na sentensi niliyoiacha Ijumaa jioni?

Kabla ya kwenda kwa fundi nilijaribu mwenyewe nyumbani. Windows ina programu yake ya kuhifadhi nakala, Windows Backup, ambayo ukiingia kwa akaunti ileile ya Microsoft katika mashine zote mbili huchukua folda za Desktop, Documents na Pictures, hukumbuka nywila za Wi-Fi, lugha na mwonekano wa skrini, kisha huvirudisha unapoiandaa mashine mpya. Kwa mwenye vitu vichache ningemshauri aanze na kuishia hapo. Ila kwa njia hiyo ya akaunti mzigo hupitia kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, ambako nafasi ya bure ni GB 5, nami nilikuwa na GB 187. Hata kama ningelipia nafasi zaidi, kuipandisha data yote hiyo kwa bando la simu na kuishusha tena upande wa pili ni gharama mara mbili kwa kazi moja. Isitoshe, programu zenyewe hazihami: zile zisizotoka katika duka la Microsoft hubaki alama tu kwenye menyu, zikikuelekeza mahali pa kuzipakua upya. Zamani, katika Windows Vista na Windows 7, kulikuwa na Windows Easy Transfer, iliyoweza kuhamisha kwa waya kutoka mashine hadi mashine, lakini haimo tena katika Windows 10. Wenye kompyuta za Mac bado wanayo Migration Assistant, inayohamisha akaunti, programu na mipangilio kwa pamoja, na katika jambo hili nawaonea wivu.

Duka nililokwenda liko ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vifaa vya simu. Silitaji jina, kwa kuwa ninachokitathmini ni aina ya huduma inayouzwa na mafundi wengi wa Kariakoo, na kwa kuwa nina lawama mbili ambazo nadhani haziwahusu hao peke yao. Bei ilikuwa shilingi 45,000, tukakubaliana kabla ya kazi kuanza. Nilieleza tangu mlangoni kwamba mashine hailali dukani na kwamba nitakaa hadi mwisho. Fundi, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, hakupinga, akanisogezea kiti.

“Mama, kabla sijaigusa, mashine hii unaifanyia kazi gani?” aliniuliza.

“Natafsiri, mwanangu. Hukumu za mahakama, vyeti, mikataba, na vitabu mara mojamoja.”

“Na barua pepe unasomea kwenye kivinjari, au kuna programu yake?”

Swali hilo la pili peke yake lilistahili nusu ya malipo. Tangu mwaka 2014 nimekuwa nikipokea barua kwa programu ya Thunderbird kwa utaratibu wa POP, yaani barua hushushwa kwenye mashine, na kwa mipangilio niliyoichagua enzi zile hufutwa kwenye seva. Hakuna mahali pengine popote duniani zilipo barua zangu za miaka kumi na zaidi isipokuwa ndani ya folda moja, ambayo nayo imo ndani ya folda iitwayo AppData, ambayo Windows huificha ili watu wasiichezee. Anayenakili vile anavyoviona kwa macho ataziacha zote nyuma, na ataligundua hilo baada ya diski ya zamani kufutwa.

Alifungua skrubu za chini, akaichomoa diski, akaiunganisha kwenye adapta ndogo ya USB na kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta mpya. Njia hii naipendelea kuliko ile ya kunakili kwanza kwenye diski ya duka na kutoka hapo kwenda kwenye mashine ya mteja, kwa sababu mbili: kazi hufanyika mara moja badala ya mara mbili, na hakuna nakala ya siri za wateja wangu inayobaki dukani. Kabla ya kunakili chochote, alifungua programu ya CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ikajitokeza rangi ya njano ya tahadhari. Aliniwekea kidole kwenye mstari wenyewe, unaohesabu sehemu za diski zilizoharibika na nafasi zake kuchukuliwa na sehemu za akiba, akanieleza kwamba diski ya namna hiyo inaweza kudumu mwaka au inaweza kufa jioni hiyohiyo. Kwa hiyo akaniomba nimtajie kwanza vile ambavyo nikivipoteza nitalia. Tukaanza na barua, tukafuata folda ya tafsiri, kisha picha, na filamu zikawa za mwisho.

Kazi ya kunakili hakuifanya kwa kipanya. Alifungua dirisha jeusi la amri na kutumia robocopy, chombo ambacho kimo ndani ya Windows yenyewe na hakigharimu kitu. Nilimwomba anieleze kila alichokiandika, naye akaeleza bila kuchoka. Herufi /E humaanisha folda zote zichukuliwe pamoja na zilizo tupu. /DCOPY:T hulinda tarehe za folda, jambo ambalo kwangu ni la lazima kwa sababu huzitafuta kazi za zamani kwa mwaka. /R:1 na /W:1 huiambia programu kwamba ikikwama kwenye faili ijaribu tena mara moja tu, baada ya sekunde moja, kisha isonge mbele. Bila maelekezo hayo mawili, robocopy ina subira ya ajabu: hurudia mara 1,000,000, na kila mara husubiri sekunde 30. Juu ya diski mgonjwa, hiyo ni njia ya kuimaliza kabisa huku ukidhani kazi inaendelea. Mwishoni akaongeza /LOG, ili kila kinachotokea kiandikwe kwenye faili. Aliniambia pia kwamba kuna herufi asizozitumia kamwe kwa mteja, /MIR, kwa kuwa huufanya upande mpya ufanane kabisa na wa zamani, maana yake hufuta chochote kilichomo upande mpya ambacho upande wa zamani hakina.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Adapta ilikuwa ya USB 3.0, yenye kasi ya kutosha, lakini diski inayozunguka huchelewa sana inapokutana na maelfu ya faili ndogondogo, kwa kuwa kichwa chake hulazimika kurukaruka kuzitafuta. Katikati ya kazi umeme ukakatika mtaa mzima. Feni ikanyamaza, majenereta ya majirani yakaanza kuunguruma, nami nikasimama. Yeye hakusimama. Kompyuta mpya ilikuwa na betri, na diski ndogo ya kompyuta mpakato hupata umeme wake kupitia waya uleule wa USB, kwa hiyo mistari iliendelea kupanda kwenye dirisha jeusi kana kwamba hakuna kilichotokea. Akanieleza kwamba hata kama mashine ingezimika, angeiandika amri ileile tena, na robocopy ingeziruka faili zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki.

Ilipomalizika alinifungulia jedwali la mwisho la kumbukumbu: faili 61,480 kwa jumla, na katika safu ya zilizoshindikana, 7. Hapa ndipo nilipoamini kwamba niko mikononi mwa fundi, kwa sababu mwingine angelifunga dirisha lile na kusema tayari. Yeye alizitafuta hizo 7 kwa majina. Nne zilikubali alipoongeza idadi ya majaribio kwa hizo peke yake. Tatu zilikataa, zote picha za mahafali ya binti yangu, zilizokaa mahali ambapo diski imekufa. Nikayaandika majina yake kwenye daftari na jioni ile nikazipata mbili kwa shemeji yangu. Moja imepotea. Imeniuma, lakini naijua ni ipi, na kujua ni tofauti kubwa na kukuta pengo baada ya miaka mitatu.

Kwenye akaunti na nywila alinifanyia heshima ambayo ningependa iwe desturi ya kila duka. Wakati wa kuiandaa Windows 11 alinigeuzia mashine, akatazama pembeni, akaniacha niingie kwa akaunti yangu mwenyewe. Baadhi ya mafundi hufungua kwa anwani ya duka ili kuharakisha, na mteja hajui madhara yake. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa usimbaji, yaani data hugeuzwa isisomeke bila ufunguo, mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuikomboa, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo. Akaunti ikiwa ya duka, ufunguo wa nyumba yako uko kwa mtu mwingine. Nimeunakili ufunguo wangu kwa kalamu na kuuweka pamoja na hati za kiwanja.

Nywila zilizomo ndani ya Chrome hazikunakiliwa, na alinieleza kwa nini: hufungwa kwa siri inayotokana na akaunti ya Windows ya mashine ileile, kwa hiyo folda ikibebwa nzima kwenda kwingine, nywila hazifunguki. Njia sahihi ni kuingia kwenye kivinjari kwa akaunti ya Google na kuziacha zijilinganishe zenyewe, kabla diski ya zamani haijang’olewa. Ipo njia ya kuzitoa zote katika faili moja ya CSV, lakini faili hiyo husomeka na yeyote, na ikisahaulika kwenye folda ya Downloads ni hatari kubwa. Printa ilichukua dakika tano.

Sasa lawama. Ya kwanza ni nzito. Tulipofika kwenye Word, fundi aliniuliza, kwa sauti ileile ya upole, kama aniwekee Office ya dukani, yaani iliyoamilishwa kwa programu ya wizi. Alisema wateja wengi huiomba. Ili programu hizo zifanye kazi, mara nyingi hulazimu kuizima kinga ya virusi, na mtu aliyetoka kuniambia maneno ya busara kuhusu usalama wa diski alikuwa tayari kuuacha mlango wazi mbele ya nyaraka za watu. Nilikataa, nikaingia kwa leseni yangu. Kwa asiye na leseni, LibreOffice, programu ya kuandikia mithili ya Office, ni ya bure na ya halali, na ingekuwa jambo la heshima kwa duka kuitaja hiyo kwanza. Mimi hubeba vyeti vya kuzaliwa, hukumu za talaka na taarifa za hospitali za watu wasionijua, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kazi ya kuhamisha kompyuta humpitisha fundi katikati ya taarifa hizo zote, na inastahili kufanywa kwa kulijua hilo.

Lawama ya pili niliigundua nyumbani usiku ule. Thunderbird ilifunguka na barua zote mahali pake, hadi ile niliyokuwa nimeanza kuiandika na kuiacha. OmegaT, programu ya bure ninayotafsiria, haikunipa shida hata kidogo, kwa kuwa huiweka kumbukumbu ya tafsiri ndani ya folda ya mradi wenyewe, na folda ikihama kumbukumbu imehama. Nikafungua Word nianze kazi ya kesho. Nikaandika herufi tatu, jmt, nikabonyeza kitufe cha nafasi, nikasubiri. Zikabaki jmt. Kwa miaka 11 herufi hizo zilijikunjua zenyewe kuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kama vile mkt ilivyokuwa Mahakama Kuu ya Tanzania na mwm kuwa mwombaji na mjibu maombi. Nina vifupisho zaidi ya 400 vya namna hiyo. Ukurasa wote chini yake ulikuwa umejaa mistari myekundu, chini ya wadai, masharti, na kila neno ambalo nilikuwa nimekwisha kuifundisha mashine ya zamani kwamba ni Kiswahili safi. Niliketi pale nikiwa na faili 61,477 na sikuweza kufanya kazi.

Kosa lenyewe ni dogo na dawa yake ni ya dakika chache. Kamusi binafsi ya Word ni faili moja, CUSTOM.DIC, iliyomo AppData, kisha Roaming, Microsoft, na UProof. Vifupisho vimo katika faili yenye jina linaloanza na MSO na kuishia na .acl, ndani ya folda ya Office iliyo jirani. Kiolezo kikuu, Normal.dotm, kimo katika folda ya Templates. Fundi alikuwa sahihi kutoinakili AppData nzima, kwa sababu humo mna takataka na mipangilio ya mashine ya zamani inayoweza kuivuruga mpya. Alichokosea ni kuuliza kuhusu barua na kutouliza kuhusu maandishi, wakati nilimwambia tangu mwanzo kwamba mimi ni mtafsiri. Nilirudi kesho yake na diski yangu. Hakujitetea. Alisema, “Samahani sana mama, hilo sikuliwaza,” akaifunga Word, akazibeba faili tatu, akaniambia niandike jmt mwenyewe. Hakunidai kitu.

Kwa jumla ningemlipa tena, na nimekwisha kumpelekea mwenzangu mmoja, mwalimu, kwa sharti kwamba aende na karatasi. Juu ya karatasi hiyo tuliandika pamoja kila programu anayoifungua kwa wiki moja ya kawaida, na kando ya kila moja kitu ambacho ameizoesha kukifanya. Kwake ilikuwa majedwali ya alama yenye fomula zake, fonti za hisabati, na alamisho za kivinjari. Fundi aliisoma karatasi yote kabla ya kushika bisibisi, na safari hii hakuna aliyelazimika kurudi.

Diski yangu ya zamani sijaifuta. Imo ndani ya bahasha, kwenye droo yenye ufunguo, imeandikwa tarehe niliyohama. Kati ya vitu vyote nilivyovitaja kwenye daftari langu, kimebaki kimoja ambacho sijakihakiki, nacho ni programu ya hesabu ambayo huifungua mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kuandaa ritani ya kodi. Nitaifungua, nitalinganisha jumla ya mwaka jana na karatasi zilizomo kwenye faili la ofisi, na hapo ndipo bahasha itakapofunguliwa.